Jirani Aliyenipima Presha

Bwana asifiwe, ninyi mlioketi mbele, nanyi mliosimama kule nyuma mkibembeleza watoto! Mimi ni Lydia, mama yao Joy na Neema. Wengi mnanijua kwa chapati za ushirika wa wanawake, lakini leo sikusimama kwa ajili ya chapati. Nimesimama kwa sababu mimi ni mzima, na ilibaki kidogo tu nisiwe mzima.

Nilikuja London kutoka Kitale miaka tisa iliyopita. Nafanya kazi ya kutunza wazee katika makao moja hapa Hounslow, na mume wangu, Baba Joy, anapakia mizigo uwanja wa ndege. Kazi yangu ni kuangalia miili ya watu. Mzee akivimba mguu, mimi ndiye huona kwanza. Bibi akiacha chai yake, namwita nesi. Ndugu zangu, nawaambia haya ili mjue kwamba sikuwa mgeni wa mambo ya afya. Ila mwili wangu mwenyewe sikuwa na mazoea ya kuusemea. Nikiulizwa hali, jibu langu lilikuwa moja: niko sawa.

Neema alizaliwa Jumatatu asubuhi, mwaka jana. Alizaliwa vizuri, kesho yake tukarudi nyumbani. Siku ya tatu kichwa kikaanza kuniuma nyuma ya macho. Nikameza tembe mbili, nikaendelea kufua nguo za mtoto. Siku ya nne mkunga akaja nyumbani. Alimpima Neema uzito, akasema anaendelea vyema. Nikamwambia kichwa kinaniuma sana. Akasema, "Ni uchovu, mama. Mtoto akilala, nawe lala." Mashine ya presha ilikuwa kwenye mkoba wake. Haikutoka mkobani.

Siku ya tano nikaanza kuona vitu kama vimulimuli, mchana kweupe, jikoni. Na hapa chini ya mbavu, upande wa kulia, palikuwa panabana. Nikapiga simu kliniki. Nikaeleza. Yule wa upande wa pili akanijibu kwa upole kabisa kwamba mama wengi waliojifungua karibuni huumwa kichwa, ninywe maji, tena akaongeza, "Unasikika una nguvu." Ndugu zangu, nilimshukuru! Nikakata simu nikijiona nasumbua watu. Joy, ambaye Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza, aliniangalia mezani akaniambia kwamba uso wangu umebadilika. Nikamwambia ale.

Siku ya sita, Jumamosi mchana, Baba Joy akiwa kazini, nilishuka kutupa takataka, Neema nimemfunga kifuani. Pale mlangoni nikakutana na Bi Zuhura. Kwa wasiomjua, Bi Zuhura ni mama wa Kipemba anayeishi ghorofa ya chini katika jengo letu. Ni Mwislamu. Alikuwa mkunga miaka mingi, sasa amestaafu. Miaka minne tulikuwa majirani na hatukuwahi kuvuka salamu.

Siku hiyo hakunisalimia. Alisema, "Mwanangu, hebu simama hapo penye mwanga."

Nikasimama. Akanitazama uso, akanitazama vidole. Akainama, mama wa umri ule, akanibonyeza mguu kwa kidole gumba. Pakabaki shimo.

"Kichwa kinauma?"

"Kidogo tu, Bi Zuhura. Niko sawa."

"Sikukuuliza kama u sawa. Nimekuuliza kichwa."

Basi nikalia. Nikamwambia yote: kichwa, vimulimuli, mbavu, simu. Akanishika mkono akaniingiza kwake, akanifunga mashine yake ya presha. Akasoma. Akasubiri kidogo, akapima tena. Ilikuwa mia moja themanini na nne kwa mia moja na kumi na tano. Hakupiga kelele. Alimwita binti yake akae na Joy, akajifunga ushungi vizuri, akambeba Neema, akaita teksi.

Hospitalini, pale mapokezi, tuliambiwa tuketi tungoje kuitwa. Kijana aliyekuwa pale alisema mimi natembea na kuongea, kwa hiyo si mgonjwa wa haraka. Bi Zuhura akasema, "Siketi. Huyu yuko siku ya sita tangu ajifungue. Presha yake ni hii hapa, nimeiandika. Anaona vimulimuli. Sasa nawe andika kwamba nimekwambia, na andika na jina lako, na andika umenijibu nini." Hakupandisha sauti. Kijana akainua simu.

Alikuja muuguzi na kiti cha magurudumu. Nakumbuka taa za darini zikipita juu yangu. Baada ya hapo sikumbuki kitu, na haya mengine nasimulia kama nilivyosimuliwa. Kabla hatujafika wodini nilishikwa na kifafa. Mwili wote ulikakamaa, nikauma ulimi, povu likatoka. Lakini nilikuwa tayari mikononi mwa watu waliojua la kufanya. Waliniwekea dripu, wakanipa dawa ya kutuliza kifafa na ya kushusha presha. Wapendwa, fikirini hilo lingenipata saa moja mapema, kwenye ngazi zile, Neema akiwa kifuani!

Nilipozinduka, Baba Joy alikuwa kando ya kitanda, bado amevaa jaketi yake ya kazini inayong'aa, analia bila sauti. Bi Zuhura alikuwa kwenye kiti kingine na mtoto wangu mapajani. Daktari alinieleza kwamba ni kifafa cha mimba, na kwamba kinaweza kumpata mama hata baada ya kujifungua. Sikujua.

Watu huniuliza kama niliomba. Sitawadanganya. Sikuomba. Sikuwa na akili ya kuomba. Nilichojua ni kwamba Bwana alikuwa ameshanitumia msaada kabla sijaomba, na msaada wenyewe alikuwa ameuweka ghorofa ya chini, miaka minne.

Nilikaa wodini siku tano. Siku moja mkunga mmoja mweusi, akibadilisha dripu, aliniambia polepole kwamba katika nchi hii mama mweusi yuko katika hatari kubwa zaidi ya kufa kwa uzazi kuliko mama mzungu, na kwamba jambo hilo limejulikana muda mrefu. Nilikasirika, ndugu zangu. Nilimkasirikia yule wa simu, nikakasirikia mkoba ule uliofungwa, nikajikasirikia mimi na "niko sawa" yangu. Niliporudi nyumbani niliandika barua ya malalamiko, Bi Zuhura akinisaidia kupanga yaliyotokea, siku kwa siku. Tukaitwa. Mkuu wa wakunga alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Tulipaswa kukupima na hatukukupima. Naomba radhi." Amebadilisha maswali ambayo wakunga huwauliza mama waliojifungua, majumbani. Je, kila kitu kimenyooka? Hapana. Lakini kosa lilisemwa, na likaandikwa.

Kisha nikawasimulia wanawake wa ushirika. Nilidhani watapiga makofi. Badala yake Mama Brenda, ambaye mnamjua kwa utulivu wake, akasema, "Wangu hakupona. Niliwaambia amepunguza kucheza tumboni. Wakaniambia ni kawaida." Miaka saba alikuwa ameketi nasi na hatukujua. Siku ile hatukuimba wala hatukuhubiri. Tulimshika.

Hapo ndipo kazi hii ilipoanza. Bi Zuhura alitufundisha wanawake wanane jinsi ya kupima presha, dalili za kutazama, na maneno ya kusema mapokezi. Mama mjamzito wa kanisa hili haendi kliniki peke yake kama hataki. Mmoja wetu huenda naye, na huandika kinachosemwa. Kila Jumapili tuna meza ya kupimia presha karibu na birika la chai. Mwanzoni hakuna aliyesogea. Mzee wetu mmoja, simtaji, alisema presha yake iko mikononi mwa Bwana. Ndipo Mchungaji akakunja mkono wa shati mbele ya wote, akapimwa, na tukakuta presha imepanda vibaya, kwa sababu alikuwa ameacha dawa akiwa katika mfungo! Mama Mchungaji alimtazama, sitasema alimtazamaje. Tangu siku hiyo meza ina foleni. Na Ijumaa, Bi Zuhura hutukaribisha kwa akina mama wa msikitini kwao, tunapima huko pia, tunakunywa chai yao yenye iliki.

Leo Bi Zuhura yuko hapa. Amekubali kuingia kwa sababu nilimwambia bila yeye sisimami. Yule pale, mwenye ushungi wa kijani. Bi Zuhura, nashukuru. Mungu akuweke. Na Mungu wangu namshukuru mbele ya watu wote, kwa sababu Joy na Neema wana mama.

Wewe uliye na mimba, wewe uliyejifungua juzi, wewe baba ambaye hujapimwa tangu utoke nyumbani: mtumaini Bwana, na sema unapoumwa. Kusema si ukosefu wa imani. Mimi nilinyamaza kwa adabu, na adabu ile karibu inizike.

Jumatano naenda kliniki na Dada Pauline, amebakiza wiki mbili ajifungue. Alhamisi kuna mama mwingine, mgeni, amefika tu kutoka Kisumu, hana ndugu hapa, wala hajui wa kumwambia. Mimi siku hiyo niko zamu. Basi naomba mkono mmoja uinuke, sasa hivi, kabla sijaketi. Nani atakwenda naye?