Pampu ya Mjomba

Mbele yangu basini walikaa mashemeji wawili wenye suti, mmoja amepakata, kama mtoto mgonjwa, pampu ya mafuta iliyoungua. "Kila gari, hasi ya betri ndiyo inayofungwa kwenye bodi," alijitetea mwenzake, fundi. "Hili la marehemu baba ni la zamani, shemeji, kwenye bodi yake hufungwa chanya. Nilikwambia, ukasema nisikufundishe kazi." "Basi pampu yenyewe feki." "Kabisa. Pampu yenye adabu ingefungwa kinyume na ikanyamaza."

Kando yangu bibi harusi, ambaye gari hilo lilipaswa kumbeba, alikuwa ameshikilia gauni lisiburuzike sakafuni.

Basi likakohoa, likazimika. Dereva akauliza kama kuna fundi. Yule akainuka haraka, akivua koti na kukunja mikono ya shati.

"Mjomba, kaa chini!" bibi harusi akapaza sauti. "Mimi nataka kuolewa leo."