Kengele Hakuwa Picha ya Mfano

Ndugu waombolezaji, wasifu huu nausoma mimi, shangazi wa marehemu, dada wa baba yake. Poleni kwa kusimama juani. Sitasoma kwa sauti ya chini, kwa sababu marehemu mwenyewe sauti ya chini hakuijua.

Alizaliwa tarehe 12 Machi 1999 alfajiri, mtoto wa kwanza kati ya wawili. Alilia mpaka mkunga akasema, "Huyu si mtoto, ni kengele." Jina likamganda, hata walimu wakamwita hivyo. Baba yake alifariki Kengele akiwa na miaka sita. Mama yake, fundi cherehani, akamlea yeye na mdogo wake wa kiume katika chumba kimoja, mchana cha kushonea, usiku cha kulala.

Aliingia sekondari Januari 2013. Julai mwaka huo mama alishikwa na homa kali, na Kengele akampeleka zahanati akiwa na sare zake za shule. Ndani mabenchi yalijaa, akatoka akakaa kwenye ukuta mfupi ng'ambo ya barabara. Ukuta ule ulikuwa wa baa. Mpiga picha wa gazeti akapita, akapiga, akaenda zake. Hata jina hakumuuliza. Jumapili picha ikatoka ukurasa wa mbele, juu yake maneno makubwa: "Kizazi Kinachoangamia." Mwalimu mkuu akamsimamisha shule. Mama alipopeleka cheti cha zahanati alijibiwa, "Gazeti haliwezi kudanganya nchi nzima kwa ajili ya mwanao." Loh! Mtu mzima na miwani yake alitamka hayo.

Tulikwenda gazetini: mama, yeye na mimi. Mhariri alitupokea vizuri, hata soda akatupa. Akasema, "Mama, hiyo ni picha ya mfano tu." Kengele, mtoto wa miaka kumi na minne, akamuuliza, "Mfano wa nini?" Mhariri akatazama saa yake. Mlinzi akaja kututoa, soda hatujazimaliza. Tangu hapo picha ile ikawa ya kila shughuli. Mimba za utotoni, ni yeye. Dawa za kulevya, ni yeye. Mwaka alioongoza darasa kwa Kiswahili, walimweka kwenye habari ya wanafunzi waliofeli. Nalisema hili kwa hasira, na radhi siombi.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 2016, akasomea ufundi wa sauti, na mwaka 2019 akaajiriwa kwenye redio ndogo ya mtaani, ile yenye studio juu ya duka la rangi. Hapo alianzisha kipindi cha vijana chenye sharti moja: sauti ya kijana haiendi hewani kabla mwenyewe hajaisikiliza na kukubali. Wenzake waliliita "kurudisha kwa mwenyewe." Meneja alilichukia kama dawa chungu. Siku moja kijana muosha magari aliyehojiwa alichelewa kufika, Kengele akagoma kurusha kipindi. Redio ikapiga muziki mtupu mpaka wasikilizaji wakadhani serikali imepinduliwa. Meneja akapanda ngazi anahema. "Rusha!"

"Mwenyewe hajasikia, bosi."

Kijana akafika, mikono ina povu, akasikiliza, akasema, "Mmebakiza pale niliposema niliwahi kuiba. Pale niliposema sasa nasoma jioni mmekata." Aliyekata alikuwa Kengele mwenyewe! Akakirudisha kile kipande, ndipo kipindi kikaenda hewani. Kisa hiki alikisimulia yeye, akijicheka: "Shangazi, na mimi kumbe ni mhariri!"

Tarehe 11 Desemba 2021 aliolewa na fundi umeme aliyekuja studio kurekebisha nyaya, kisha akawa anarudi kurekebisha nyaya ambazo zilikuwa nzima. Agosti 2023 walijaliwa binti.

Baada ya kujifungua moyo ulianza kumsumbua. Alilazwa tarehe 3 Aprili 2024, na akiwa kitandani akaniambia, "Shangazi, wasifu wangu utauandika wewe. Ukimaliza, nirudishie." Nikamwambia aache uchuro. Hakuacha. Nikaandika, nikampelekea, nikamsomea. Nilipofika kwenye "binti mpole na mtiifu" alicheka mpaka nesi akaja mbio. "Mpole nani? Futa hiyo. Ila ya gazeti usipunguze hata neno." Nimefuta, na ya gazeti sijapunguza. Yanayofuata yeye hakuyasikia. Alifariki Jumatano tarehe 22 Mei, saa nne asubuhi, mume wake amemshika mkono.

Jana gazeti lile lile limeandika kwamba mtangazaji kijana amefariki, na kwamba "wengi wa rika lake hupotea kwa ulevi." Huyu aliyekufa kwa moyo! Na picha? Ile ile. Mke wa mtu, mama wa mtoto, mtangazaji, bado wamemkalisha kwenye ukuta wa baa na sare zake. Hawana haya hata mbele ya jeneza. Mwanawe akikua na kumtafuta mama yake, hicho ndicho atakachokikuta.

Ameacha mama, mume, binti wa miezi tisa, mdogo wake, mimi shangazi yake, na vijana wote waliowahi kusikilizishwa sauti zao kabla ya jirani.

Sasa, namwona mpiga picha wa gazeti pale getini. Sogea, mwanangu, usiogope, najua umetumwa. Picha ya kutumia ni hii iliyo kwenye jalada la ratiba. Aliichagua mwenyewe, anacheka, meno yote nje. Na habari yenu mkishaiandika, kabla hamjachapa, irudisheni kwa mwenyewe. Mwenyewe ndiye huyu tunayemzika. Basi mtamrudishia mama yake, yule pale aliyekaa kiti cha kwanza. Mje mkae mbele ya cherehani yake mumsomee neno kwa neno, na yeye ndiye atakayesema ndiyo au hapana.

Pumzika kwa amani, Kengele. Nimesoma kama ulivyousikia.