Swali la Pili la Mama Profesa Priscille

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, mapadri na wachungaji, ndugu wageni waalikwa, wanafunzi, na weye Mama Profesa Priscille unayeaga kazi leo: jambo yenu wote. Naitwa Glodie. Nafundisha historia hapa hapa, na aliyenifundisha ni huyu mama.

Ninyi mnamjua kwa vitabu vizito vya historia ya vita vya kwetu Djugu. Watoto wenu wanamjua kwa vingine, vyenye ng'ombe wanaoruka na mito inayosema. Wako waliocheka: mwanahistoria mzima, na hadithi za watoto? Hawakujua anavyofanya kazi. Kila aliyekimbia vita, Mama Profesa humuuliza maswali mawili. La kwanza: nini ilipita? Jibu hilo linaingia katika historia, wala haongezi hata nukta. La pili: kama ungekuwa na nguvu zote, ungefanya nini? Jibu hilo anawapa watoto.

Mama yangu Anastasie, yule pale mbele, alikaa miaka mingi bila kututajia nyumba tuliyoiacha tukikimbia vita, nikiwa mgongoni mwake. Tukiuliza, anainuka kwenda kuchambua maharagi. Mama Profesa alikuja kwetu, mtaa wa Saio, akaketi, akachambua naye. Swali la kwanza mama alijibu kwa mkato. Kwa la pili akaacha kuchambua, akasema: "Ile nyumba ningeipatia miguu. Ingebeba batoto yetu yote na ya bajirani, na siye wote tungefika."

Baadaye mwanangu akarudi toka masomo na kitabu cha Mama Profesa. Ndani yake nyumba ya matofali inatembea, imejaa watoto, na pale kwenye kizuizi cha Iga Barrière inaomba njia kwa adabu. Mama yangu alisikiliza kikisomwa, akacheka, akalia. "Lakini mulango ilikuwa ya bluu," akasema. Ndugu zangu, ndipo nilipojua mlango wa kwetu ulikuwa wa rangi gani. Niambieni, huo ni mchezo wa watoto?

Sasa, Mama Profesa, na weye ulikimbia. Bwana yako, Muzee Zacharie, alibaki kule, hakufika. Ilivyopita tunajua, umeiandika mwenyewe bila kuongeza nukta. Lakini nimesoma vitabu vyako vyote vya watoto, na yeye sijamuona. Nani alikuuliza swali la pili? Basi nakuuliza mimi, mbele ya watu hawa: kama ungekuwa na nguvu zote, ungefanya nini?

Usijibu hapa. Kesho mimi na mama tutakuja kwako na maharagi ya kuchambua.

Ndugu zangu, mmenipa masikio yenu, nami nawarudishia kwa shukrani. Asanteni kwa kunisikiliza.