Njaa ya Dionis

Treni ilipotoka Igalula, Dionis alikuwa amemaliza viazi vyote kapuni. Akamnyooshea tena mkono mkewe, Apolinaria, naye akatikisa kichwa.

“Unamnyima mumeo chakula?” akauliza mzee Masolwa, abiria aliyeketi mbele yao.

“Aliumia kichwa vitani Burma, baba. Daktari anasema palipoharibika kwenye ubongo ndipo panapomwambia mtu ameshiba. Anakula mpaka anatapika, na njaa iko palepale. Watoto wanakosa. Namrudisha kwa mama yake, Tabora.”

“Alitoka kwako mzima, mwanangu. Leo mgonjwa ndiyo umrudishe?”

“Na watoto je, baba?”

Dionis akamgusa mkewe begani. “Mama Ngollo,” alisema taratibu, “watoto uliwabakizia?”

Apolinaria akageukia dirishani, machozi yakimtoka. Treni ilikuwa inasimama Tabora.