Mwendesha Lifti na Madaftari Yake Thelathini na Moja

Wafiwa, ndugu, majirani na wote mliofika, poleni sana. Kazi hii ya kusoma maisha ya marehemu ilikuwa ya mwanawe mkubwa, lakini mjane, ambaye ni dada yangu wa tumbo moja, amesema nisome mimi. Amenikanya nisilete utani wa mashemeji kaburini, nami nitajitahidi. Ametaka pia jambo moja lisemwe wazi mbele za watu. Tangu Juni kuna maneno yanapita mtaani kwamba marehemu amekufa hajaelewana na mkewe, kwamba alimsusia mpaka mwisho. Mengine nimeyasikia kwa masikio yangu leo hii, pale kwenye viti vya nyuma. Basi tulieni, mtayasikia yote kwa mpangilio.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili kati ya watoto watano wa fundi seremala na mkewe mshona nguo. Alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo kiasi cha kulazwa kwenye droo ya kabati ambalo baba yake alikuwa bado hajalipiga randa. Dada yake anayemfuata, aliyekaa hapa mbele, ndiye wifi yake dada yangu. Yeye husema kulala kwenye droo ndiko kulikomzoesha kaka yake kukaa kwenye vyumba vidogo.

Alianza shule mwaka 1958 na akamaliza sekondari Desemba 1970. Hesabu zilimpiga chenga, lakini Kiingereza alikuwa wa kwanza darasani miaka minne mfululizo. Alijua kuchambua sentensi vipande vipande, mpaka mwalimu wake akawa anamwachia chaki na kwenda zake kunywa chai. Hilo alilisimulia kila Mwaka Mpya, na kila Mwaka Mpya tulilisikiliza.

Jumatatu ya tarehe 3 Aprili 1972 aliajiriwa kuwa mwendesha lifti katika jengo la ofisi la ghorofa kumi na nne. Kazi yenyewe ilikuwa stuli, vitufe, mlango wa chuma wa kuvuta kwa mkono, na watu. Siku hiyo hiyo waliingia wanaume wawili wenye tai, wakaongea na kucheka kutoka chini mpaka ghorofa ya kumi. Kila neno lao alilijua, lakini yalipowekwa pamoja hakuambulia kitu. Mmoja akamgeukia akamwambia jambo, marehemu akaitikia kwa adabu, nao wakazidi kucheka. Jioni alimwambia baba yake, "Nimesoma Kiingereza miaka yote ile, na leo kimenitoa jasho kama mgeni."

Kesho yake alinunua daftari la kwanza. Aligawa kurasa safu tatu: maneno yaliyosemwa, ghorofa aliyoshukia msemaji, na maana. Hakumuuliza mtu yeyote maana. Kuuliza aliona aibu, maana tuseme ukweli, alikuwa na kale kakiburi ka mwanafunzi bora. Badala yake alikisia, akaandika kwa penseli. Akishasikia maneno yale yale kwa watu watatu tofauti, na ile maana yake ikakubali kwa wote watatu, ndipo alipoikoleza kwa kalamu ya wino. Yapo maneno yaliyokaa kwenye penseli miaka tisa.

Nimeyasoma madaftari hayo, yote thelathini na moja. Neno "put", yaani weka, peke yake limekula kurasa nne, kwa sababu likifuatwa na kineno kimoja ni kuahirisha, likifuatwa na kingine ni kuzima moto, na likifuatwa na viwili ni kuvumilia. Pale kwenye kuvumilia kaandika, "Ghorofa ya sita, mama mhasibu, akimsema mumewe." Maneno ya mitaani aliyapata kwa vijana wa matangazo, ghorofa ya tisa. Mengi yana onyo pembeni, "Usiyaseme mbele ya wakubwa." Na kwa kuwa maneno ya vijana hayakai, aliyapitia kila mwisho wa mwaka, na lile lisilosikika tena aliliandikia, "Limestaafu."

Kuanzia mwaka 1985 alifundisha bure saa ya chakula cha mchana, chini kabisa ya jengo, karibu na mitambo ya lifti. Wanafunzi wake walikuwa walinzi, wafagiaji na matarishi, na ada ilikuwa kila mmoja kuleta msemo mmoja aliousikia kazini. Mlinzi mmoja aliupenda sana ule wa "long time no see", usemwao kwa mtu mliyepoteana naye muda mrefu, akawa anamsalimia nao meneja kila asubuhi, meneja waliyeagana jana yake saa kumi na moja jioni. Marehemu alimkataza. Meneja ndiye aliyesema aachwe, kwa kuwa ndiyo salamu pekee iliyomfanya acheke siku nzima.

Ndoa yake na dada yangu ilifungwa Jumamosi, tarehe 16 Desemba 1978. Dada alikuwa akifanya kazi kantini ya jengo lile, akipeleka chai maofisini. Lifti aliiogopa kupita kiasi. Alibeba trei kwa ngazi mpaka ghorofa ya tano, na kwa hiyo yule aliyekutana na kila mtu jengoni hakuwahi kukutana naye, mpaka siku alipomwona akipandisha ngazi. Marehemu alianza kutumia mapumziko yake kupanda ngazi. Mwezi wa tatu wa kupanda huko dada akamuuliza, "Wewe kaka, lifti yako imeharibika?" Akajibu kwamba lifti ni nzima, ila haimpeleki anakotaka. Dada alilipenda jibu lile, ingawa mpaka leo anakana. Walijaliwa watoto watatu, wakakaa pamoja miaka arobaini na minne na miezi minane.

Alistaafu tarehe 31 Machi 2011. Lifti mpya zilikuwa zimeshaingia, za kujiendesha zenyewe, na miaka yake ya mwisho kazini alikuwa mapokezi. Lakini kustaafu kwake kulikuwa kwa jina tu. Kila mchana alivaa shati lake la mikono mirefu, akarudi kukaa kwenye benchi la ukumbi wa chini, kusikiliza. Dada alibaki nyumbani peke yake, watoto wameshaondoka.

Sasa nafika pale penye maneno.

Jumanne ya tarehe 6 Juni mwaka huu wa 2023, saa saba mchana, walikwaruzana. Dada alimwomba siku hiyo asiende, wakae tu wazungumze. Marehemu alikuwa ameshatia daftari mfukoni. Dada akasema maneno ambayo ameniruhusu kuyasoma: "Umewasikiliza watu wa lifti tangu sijakujua. Mimi nikiongea, daftari lako huwa liko wapi? Kuna ukurasa gani wenye neno langu?" Marehemu alikasirika. Akajibu, "Basi kama kusikiliza kwangu ni kosa, na kusema nimeacha. Sitasema tena." Akatoka. Wifi alikuwa amewatembelea, yuko chumba cha pili, na alisikia kila kitu.

Saa tisa na robo alianguka pale kwenye benchi. Ulikuwa ugonjwa wa kiharusi, upande wa kulia wote. Alipozinduka siku ya tatu, Kiswahili hakikutoka. Alimtazama dada, akafungua mdomo, akakosa neno, machozi yakamtoka. Kilichotoka, siku ya tano, kilikuwa Kiingereza, na si sentensi za kujitungia, bali ile misemo ya madaftari, mizima mizima. "Hang on," subiri kidogo. "Take your time," usiwe na haraka.

Daktari alituita akatueleza. Alisema kiharusi kimemjeruhi mahali pa kutungia maneno, lakini misemo iliyokaririwa kwa miaka mingi wakati mwingine inasalimika, hata ikiwa ya lugha ya kujifunzia ukubwani. Akasema Kiswahili anakielewa, ila hawezi kukitoa. Akatuonya pia kwamba misemo mingine hujitokea tu, mgonjwa hakukusudia, kwa hiyo tusitegemee sana maana yake.

Hapo ndipo uvumi ulipoanza. Wifi aliwaambia wageni, "Kaapa hatasema naye, na kweli hasemi naye. Kiingereza anakiweza, Kiswahili hakiwezi? Amemsusia." Simlaumu. Alikuwa na uchungu wa kaka yake na alisema alichokisikia. Lakini maneno yale yalimfika dada, naye akayaamini. Alikuwa akiniambia, "Ametimiza aliyoyasema. Mimi ndiye niliyemfunga mdomo." Mwezi mzima hakula chakula kikaeleweka.

Kisha siku moja akateremsha madaftari yote kutoka juu ya kabati. Ana umri wa miaka sitini na sita, na Kiingereza chake chote kilikuwa kile cha kuhesabu vikombe. Akaanza kusoma mezani jikoni, kwa sauti, akikosea, akirudia. Tulipekua pamoja, yeye akitafuta misemo ya kumwambia mumewe, mimi kimya kimya nikitafuta ule ukurasa wenye maneno yake. Sitawadanganya hapa, haupo. Nilipomwambia, akasema, "Aliandika yale asiyoyaelewa. Mimi alikuwa ananielewa, siku nyingine zote." Amesema nisome hivyo hivyo, bila kupamba.

Katikati ya Julai aliingia wodini akasimama kando ya kitanda kama mtoto wa siku ya kwanza shule. Marehemu akamwambia, "How's it going?" yaani hali vipi. Dada akamjibu, "Can't complain," yaani si haba. Marehemu alicheka kwa nusu ya uso iliyobaki nzima. Nilikuwepo, na nilitoka nje kwanza. Tangu hapo waliongea kila siku, misemo ishirini hivi, ikizunguka na kurudi.

Mmoja dada hakuujua. Kila alipoingia mlangoni, kabla ya salamu, marehemu alisema, "No hard feelings." Tuliutafuta siku mbili. Ulikuwa kwenye daftari la kumi na saba, wa mwaka 1996, mawakili wawili walioshukia ghorofa ya pili wakitoka kushindana mahakamani. Maana ilikuwa kwa wino: "Hakuna kinyongo. Husemwa na waliogombana, wakipeana mikono." Dada alilia mpaka daftari nikaliondoa mezani lisilowe.

Lakini lile onyo la daktari halikumtoka. Huenda ni maneno yaliyojitokea tu, yasiyo na mwenyewe. Basi akafanya kama mumewe alivyofanya, akatafuta watu watatu. Alimuuliza muuguzi wa zamu ya mchana: je, mgonjwa humwambia hivyo na yeye? Muuguzi akasema hajawahi. Akaniuliza mimi, niliyelala pale siku kumi na moja. Kwangu alisema "watch out", yaani angalia, kila nilipoinua chupa ya maji, na mengine ambayo onyo lake ni lile la ghorofa ya tisa, lakini hilo hakulisema.

Wa tatu alikuwa wifi. Dada alikwenda kwake mwenyewe Ijumaa, tarehe 25 Agosti, akakaa, akamuuliza. Wifi alihesabu siku kwa vidole. Kisha akasema, "Nimemuuguza pale siku kumi na tisa, wifi yangu. Ameniambia mambo mengi nisiyoyajua. Hilo hajaniambia hata mara moja, na katika nyumba yetu mimi ndiye niliyegombana naye kuliko watu wote." Kisha akasema, "Ni lako hilo. Nilikosea." Maneno hayo ameniomba yeye mwenyewe niyasome leo, tena kwa sauti, ili yawafikie hata wale wa viti vya nyuma.

Jumamosi dada aliingia wodini. Marehemu alikuwa amedhoofu, pumzi fupi, lakini alipomwona mlangoni aliyasema yale maneno yake, taratibu, hadi mwisho. Jibu la Kiingereza dada alikuwa nalo, muuguzi alikuwa amemfundisha. Hakulitumia. Alishika ule mkono uliokufa, kisha ule mzima, akamwambia kwa Kiswahili, "Hata mimi sina kinyongo, mume wangu." Marehemu alifumba macho akaubana mkono wake. Alifariki kesho yake, Jumapili, tarehe 27 Agosti 2023, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Mkewe alikuwa amelala kwenye kiti pembeni yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, wafanyakazi wa jengo lile walioleta gari, na majirani, wote, hata waliosema.

Marehemu ameacha wadogo watatu, watoto watatu, wajukuu saba, shemeji mmoja ambaye sasa hana wa kumtania, na mke mmoja, ambaye waliagana vizuri.

Alale salama.