Mti Uliokatwa Julai

Benchi la kijiweni alilitengeneza Fundi Randa mwenyewe kwa mabaki ya mbao, akaliweka nje ya karakana yake. Kila siku saa kumi jioni wenye nalo hukaa vilevile: Redio, kinyozi asiyejua kunyamaza, upande wa ukutani; Breki, dereva wa lori aliyestaafu, upande wa barabarani; na Fundi katikati, birika la kahawa miguuni pake. Mwezi wa saba nafasi ya katikati ilibaki wazi, kwa sababu Fundi alikwenda kumtembelea binti yake katika mji ulioko kusini kabisa mwa dunia, ambako Julai ndiyo baridi yenyewe. Alikaa wiki tano. Leo ni siku ya tisa tangu arudi, na bado hajashika msumeno. Amemkabidhi Redio simu yake amwandikie jibu la ujumbe wa binti, maana vidole vyake ni vinene na herufi za simu ni ndogo.

— Tusomee kwanza alichoandika binti, alisema Breki.

Redio akakohoa kidogo, akasoma:

— "Baba, kweli ulidhani umekauka?"

— Basi?

— Basi. Hata shikamoo hamna.

— Yule anayesalimia mpaka paka wa jirani? Ee bwana, hapo pamechafuka.

Fundi alikizungusha kikombe mkononi bila kunywa. Habari yenyewe walikuwa wameshaisikia mara mbili. Uani kwa binti yake kulikuwa na mti wa mapichi. Aliupanda mkwewe, mume wa binti, mwaka waliohamia nyumba ile, na mwaka jana mkwe akafariki. Fundi alipofika aliukuta hauna jani hata moja, matawi meusi, kama kitu kilichopita motoni. Siku moja binti akiwa kazini, akaukata.

— Mimi nashangaa wanaokulaumu, alisema Redio. Mti hauna jani, mtu atajuaje?

— Hata Jumapili moja kabla ya hapo alinitoa nje ya mji, alisema Fundi polepole. Mlimani juu kumekuwa kweupe kwa theluji. Huku chini mashamba, mistari na mistari ya miti, yote mitupu. Nikasema moyoni, masikini, watu hawa wamepoteza kila kitu. Machozi yakanilengalenga. Mwanangu akanishika mkono, akadhani namlilia mkwe.

— Hukumuuliza?

— Mtu ameamka gizani, anarudi gizani, Jumapili ndiyo siku yake moja. Nimuulize habari za miti?

— Andika hivyo hivyo, Redio, alisema Breki. "Mwanangu, sikujua." Halafu umweleze kisayansi. Kule jua linakimbia, sasa mti unafunga duka, unalala.

— Siyo kulala. Serikali ya kule inaizima. Wana mtambo. Wanabana maji.

— Mtambo wa kuzima miti?

— Mbona taa za barabarani zinazimwa zote kwa mpigo? Wewe umeendesha lori miaka thelathini, hujawahi kujiuliza?

— Nimejiuliza kwa nini wewe hunyolewi huo ulimi.

Redio hakujali. Alisogea mbele, simu mkononi kama kipaza sauti.

— Sikilizeni. Kusini ni wapi? Ni chini. Dunia ikisimama, wale wananing'inia. Kwa hiyo mti wao umegeuka. Unachokiona juu ni mizizi! Majani yako ardhini huko yanapepea. Fundi hakukata mti, alipunguza mizizi.

— Na kichwa kimebaki salama, alidakia Breki, akisahau kwamba alikuwa anabisha. Utachipua huo! Mwandikie asilie.

— Naandika. "Mwanangu, sikujua. Miti ya huko kichwa chake..."

— Na ongeza baridi. Baridi inagandisha ubongo. Aliyeganda hana kosa, hata polisi wanalijua hilo.

Fundi hakucheka. Alikuwa anaikumbuka jioni ile, binti alivyoingia na mkoba begani, akaona magogo yamepangwa vizuri kando ya mlango. Aliinama akagusa gogo moja pale palipokatwa, akakitazama kidole chake. Akaenda jikoni kumchemshia baba yake chai, na akaendelea kumchemshia hivyo hivyo, kimya, mpaka siku ya ndege.

Mama mmoja alikuwa amesimama karibu yao, ameshika kiti kilichovunjika mguu. Hakuwa mtu wa mtaa ule. Alikuwa amengoja wamalize, akaona hawamalizi.

— Samahani, kaka zangu. Mlikata kwa msumeno au kwa shoka?

— Msumeno, alijibu Fundi.

— Mimi nimeuza kuni miaka mingi. Mti mkavu vumbi lake linapeperuka. Mbichi linanata. Sasa lilipoanza kunata, fundi, uliendelea kwa nini?

Redio aliiweka simu mapajani. Breki akamgeukia Fundi.

Vumbi lilikuwa limenata mara ya tatu tu alipovuta msumeno. Lilitoka jeupe, limelowa, na harufu ya utomvu ikampanda puani, harufu anayoijua kuliko sauti yake mwenyewe. Jeraha halikuwa limefika hata upana wa kidole. Angelipaka udongo, angelifunga kitambaa, lingepona. Amekwisha kufanya hivyo zaidi ya mara moja. Lakini wiki tano alikuwa amekaa karibu na hita ndani ya koti la marehemu, akiulizwa kama amekula, kama anasikia baridi, hana la kumfanyia mtu yeyote. Na sasa koti alikuwa amelitundika kwenye uzio, jasho linamtoka, mikono yake ina joto kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye ndege. Akavuta tena. Akavuta mpaka mti ukaanguka.

— Futa, alimwambia Redio.

— Nifute wapi? Pale kwenye mizizi?

— Yote.

Redio alifuta, akamtazama.

— Haya, niandike nini?

— Andika, "Nilijua."

Kidole gumba cha kinyozi kilibaki hewani.

— Fundi, hilo mimi siandiki.

Yule mama aliweka kiti chake chini taratibu. Hakuna aliyemkaribisha kahawa, wala aliyekumbuka kujimiminia. Fundi alinyoosha mkono akaichukua simu yake, akaisogeza karibu na macho, na kwa kidole chake kinene akaanza kuitafuta herufi ya kwanza.