Mwanangu Alinipima Kanzu

Mheshimiwa Meya, viongozi wa shirikisho letu la mieleka, wazee wa Pikine, wanamieleka wenzangu, na ninyi akina mama mliokuja na ngoma zenu: nawasalimu nyote kwa heshima zenu.

Mmenisifu tangu asubuhi. Mmesema Ngor Diouf ameangusha wanaume thelathini na mmoja. Ni kweli. Lakini nani kati yenu ameuliza mwanangu Diégane yuko wapi leo?

Mganga wangu alinipa sharti: siku arobaini kabla ya pambano, nisiguse damu yangu. Diégane akiwa na miaka mitano alinikimbilia mlangoni pa kambi, mikono wazi. Nilimsukuma kwa mguu akaanguka mchangani. Watu wakacheka, wakasema, “Simba hana mchezo!” Nami nikajiona mwanamume.

Alipofika miaka tisa akashikwa na homa ya uti wa mgongo. Mama yake, Coumba, akanipigia simu siku ya Alhamisi.

“Ngor, njoo. Mtoto anakuita.”

“Jumapili napigana, Coumba. Nikishamaliza.”

“We mwanamume, mtoto anakufa, wewe unafunga hirizi?”

Nikakata simu. Jumapili nikashinda, mnalikumbuka pambano lile, maana mmeliimba hapa leo. Nikaenda hospitali na wapiga ngoma wangu, jasho halijakauka. Nikamwita mwanangu kwa jina. Hakugeuka. Coumba akaniambia, “Usipaze sauti. Masikio yamekwenda. Aliita mpaka jana, sasa hata yeye mwenyewe hajisikii.”

Je, baada ya hapo nilijirekebisha? Laiti! Mama yake, dada zake, hata muuza maziwa wa jirani, walijifunza kusema naye kwa mikono. Mimi nilikuwa kambini. Miaka kumi na minane, ndugu zangu, na sijui hata ishara ya “mwanangu.”

Mwezi uliopita nilimfuata Kaolack, ambako ni fundi cherehani. Alinitazama, akachukua chaki, akaandika juu ya meza. Mimi sikusoma, mkewe akanisomea huku ameinamisha kichwa: “Baba, anauliza kama umekuja kushonewa nguo.”

Nikaitikia kwa kichwa. Akanipima mabega, akanipima kifua, akaandika namba zake. Vidole vyake vilipita shingoni mwangu, navyo vilikuwa vidole vya fundi kwa mteja. Usoni hakunitazama tena.

Kanzu yenyewe ndiyo hii. Naona wengi mnaitamani. Imenikaa sawasawa, haina kosa hata la uzi mmoja.

Mheshimiwa Meya, nakushukuru kwa ngao hii. Coumba, wewe uliyekubali kuja na kukaa kiti cha nyuma kabisa, nakushukuru zaidi. Nanyi vijana wa kambi, mtoto akikuita Alhamisi, nenda Alhamisi.

Sina la kuongeza. Asanteni kwa kunisikiliza. Najua mlikuja kusikia mengine.